Kupunguza uzito kwa kikundi Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kutoka mtaani hadi zahanati

Ukipungua kilo sita hapa Mbeya bila kuaga, mtaa utakupima wenyewe na majibu utayasikia sokoni. Mwanakikundi mwenzetu mmoja alivutwa pembeni ya meza za nyanya pale Mwanjelwa na shoga yake wa siku nyingi.

"Mama Neema, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi dada yangu, nimepunguza mwenyewe."

"Haya. Ila siku ukienda kupima, usiende peke yako."

Wiki hiyohiyo akarudia chapati mbili na chai ya maziwa kila asubuhi. Kufikia Krismasi kilo zote zilikuwa zimerudi nyumbani.

Hofu ya yule shoga haikutoka hewani. Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi, Njombe ikiwa juu kabisa kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Tumezika wengi ambao tuliwaona wanakonda kwanza. Kwa hiyo kwetu kunenepa ni salamu nzuri ("umependeza, mume anakutunza") na kukonda ni habari mbaya, hata pale presha na sukari vinapotuambia kinyume. Mtu anayepunguza uzito peke yake anapigana na chakula na macho ya watu kwa wakati mmoja. Akiwa na wenzake kumi na watano ambao mtaa mzima unajua wanafanya nini, anabaki kupigana na chakula tu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo kinachoshikana mkono na zahanati. Kanuni yetu ni moja: nia iwe hadharani, namba ziwe siri.

Hatua ya 1: Anzia zahanati, mzani utafuata

Kosa la vikundi vingi ni kununua mzani kwanza. Kabla ya hapo nenda kamwone mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya cha kata yenu. Siku ya kwanza mtakayopima watu wazima ishirini, mtawakuta wenye presha ambao hawakuwa wanajua, na pengine mmoja mwenye sukari. Ukimwambia mtu "presha yako iko juu" kisha huna pa kumpeleka, umemtia hofu bure.

Ombeni mambo matatu. Kwanza, muuguzi mmoja aje siku ya upimaji wa kwanza. Pili, ijulikane siku gani ya wiki mtu mwenye karatasi ya kikundi atapokelewa bila kuzungushwa. Tatu, karatasi hiyo irudi na neno: amepewa dawa gani, arudi lini. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalofanya huduma iwe shirikishi kweli. Sisi tulitengeneza karatasi yenye sehemu mbili. Moja inabaki zahanati, nyingine inarudi na mgonjwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu awe ndani tangu mwanzo, kwa sababu anaingia nyumba ambazo muuguzi hafiki. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wapewe taarifa. Halmashauri ina afisa lishe; mwiteni mara moja kwa miezi mitatu, akute swali lililoandaliwa badala ya hotuba.

Hatua ya 2: Tumieni kikundi kilichopo

Usikusanye watu wapya kama kuna kikoba, kwaya, jumuiya ndogondogo au kikundi cha kufa na kuzikana. Watu wanaokutana kila wiki kwa ajili ya hisa wameshazoeana na wana adabu ya vikao. Ongezeni saa moja kabla ya kuhesabu fedha. Watu 12 hadi 20 wanatosha. Wakizidi hapo, gawaneni.

Wanaume hawaji wakisikia "kupunguza unene". Waambieni ni kikundi cha presha, watakuja, na kitambi kitazungumzwa humohumo.

Hatua ya 3: Kupima vizuri

Hapa nitakaa kidogo, maana tulipakosea.

Mzani wetu wa kwanza tuliuweka kwenye sakafu ya udongo iliyotandikwa mkeka. Mama mmoja alipungua kilo tatu kwa dakika tano, kwa kuhama tu kutoka upande wa mlango kwenda dirishani. Mzani unakaa kwenye saruji iliyo sawa, bila mkeka wala zulia. Kila mwezi uhakikisheni: pelekeni duka la vifaa vya ujenzi mkauwekee mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukisoma 47 au 53, mmejua. Apimwaye avue viatu, koti, kitenge cha pili na simu. Baridi ya Juni huku mtu anaweza kuwa amevaa kilo mbili.

Urefu pimeni mara moja tu, ukutani, visigino vikigusa ukuta. Kisha gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 86 mwenye urefu wa mita 1.58: 1.58 × 1.58 ni karibu 2.5, na 86 kugawanya kwa 2.5 ni kama 34. Hiyo ndiyo BMI wanayoiandika kliniki. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida. 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na kuendelea ni unene uliopitiliza.

Lakini hesabu hiyo haijui mafuta yamekaa wapi, na ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo na sukari. Kwa hiyo tunatumia kamba. Kata kamba sawa na urefu wa mtu, ikunje katikati, mzungushie kiunoni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi taratibu bila kubana tumbo. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hapo kuna kazi. Kamba haihitaji kusoma wala betri, na kila mtu anakwenda na yake nyumbani. Mwenye futi ya fundi cherehani anaweza kuangalia namba pia: hatari inaanza kupanda kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na inakuwa kubwa zaidi wakipita 88 na 102.

Presha ipimwe mtu akiwa ameketi dakika tano, miguu chini bila kuipachika, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, amekwenda haja ndogo, haongei. Pimeni mara mbili. Mtu mwenye mkono mnene anahitaji mkanda mpana. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la kitambaa. Ulizeni mapema kama zahanati inao. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, apewe karatasi akarudie kupima siku nyingine zahanati. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kichwa kuuma sana au upande mmoja kulegea, hapo hakuna karatasi, ni bajaji moja kwa moja hospitali.

Sukari aipime muuguzi. Asubuhi kabla ya kula, 7.0 (milimoli kwa lita) na kuendelea inaelekeza kwenye kisukari na inahitaji kuthibitishwa kituoni.

Hatua ya 4: Nani apite zahanati kabla ya kuanza

Mjamzito hapunguzi uzito, na anayenyonyesha ashauriwe kliniki. Mtu anayekonda bila kukusudia, au mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku, apelekwe kupimwa kifua kikuu, sukari na VVU, wala asipongezwe kwa kilo zilizotoka.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi asipunguze chakula kabla dawa haijaangaliwa upya na mtaalamu. Akila kidogo na dawa ikabaki ileile, sukari itashuka mno: atatetemeka, atatokwa jasho, atachanganyikiwa. Kila mwanakikundi ajue cha kufanya: kama mtu anaweza kumeza, vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda, kisha chakula. Ndiyo pekee siku soda inapopigiwa makofi kwenye kikao chetu. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Dawa nyingine huongeza uzito: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Kwa watu wanaoishi na VVU, dawa zenye dolutegravir, ambazo nchi ilianza kuhamia mwaka 2019, zimeonekana kuambatana na ongezeko la uzito kwa baadhi yao, hasa wanawake. Dawa hizo zimeokoa maisha na hakuna wa kuziacha kwa sababu ya kilo. Mtu alizungumze hilo CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU), na kikundini asiulizwe. Ukweli ni kwamba kliniki za CTC ndizo zilizotufundisha huku namna ya kumfuatilia mtu miaka kumi bila kumpoteza, na kliniki za presha na sukari zingeiga zingefika mbali.

Ulizeni pia, kwa faragha, kuhusu usingizi na huzuni. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, au aliyeanza kunenepa tangu msiba, ana tatizo ambalo ugali peke yake hauelezi.

Hatua ya 5: Wekeni lengo dogo

Asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuanzia. Kwa mama yetu wa kilo 86 ni kilo 4 hadi 8 na nusu, kwa nusu kilo hivi kwa wiki. Atabaki mnene, na watu watasema hakuna kilichofanyika; lakini presha na sukari huanza kuitikia hapo. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 uliwapa watu waliokuwa karibu na kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa.

Hatua ya 6: Jikoni

Usianze na ugali. Kila mtu anaanza na ugali, anashinda njaa siku nne, siku ya tano anakula wa siku zote. Anza na chupa ya mafuta.

Siku ya kufungua lita mpya, andika tarehe kwenye kifuniko. Lita ikiisha, hesabu siku. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita kwa siku nne, kila mmoja anakunywa mililita 50 kwa siku, zaidi ya vijiko vitatu vya chakula, ambavyo ni kama kalori 400. Lita hiyo ikisukumwa hadi siku kumi, ni mililita 20. Kila mtu mezani ameokoa kalori 250 bila kuacha tonge hata moja, na fedha ya mafuta imebaki. Namna ya kufika huko: acha kumimina, pima kwa kijiko, maharage yakishaungwa jioni yasiungwe tena asubuhi, mnafu na chainizi vipikwe kwa nyanya na kitunguu, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria. Ukiweka karanga, mafuta yasiingie kabisa.

Baada ya mafuta, kikombe. Vijiko vitatu vya sukari kwa vikombe vinne kwa siku ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50, ambacho ndicho kiwango cha juu Shirika la Afya Duniani linachokubali kwa siku nzima, na hapo hujagusa andazi. Soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa. Punguzeni kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi hujifunza. Chai ya Rungwe na ya Mufindi inanukia yenyewe, ukiiwekea tangawizi hutaona hasara.

Sasa ugali. Kila mtu apakuliwe sahani yake, kwa sababu kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali, wali, ndizi au viazi, robo maharage, samaki, dagaa, yai au nyama. Ugali usizidi ngumi ya mlaji mwenyewe, ukiwa umebanwa. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi, inashibisha zaidi, lakini si ruhusa ya kula mlima. Ndizi za Tukuyu na viazi mviringo vya kuchemsha havina kosa. Kosa linaanza vinapoingia kwenye karai. Mchele wa Kyela, nakiri, ni mtihani wangu mwenyewe.

Parachichi watu wa Rungwe na Njombe wanaliita dawa. Ni chakula kizuri na lina mafuta mengi mazuri, ila ni mafuta: nusu tunda kwa siku, na siku hiyo mboga ipikwe bila mafuta.

Pombe ina kalori zake. Chupa ya bia ya nusu lita inabeba kama 200, na komoni na ulanzi navyo havina huruma. Wenzetu wa Iringa wakati wa ulanzi hujitetea kwamba mtogwa, yaani ulanzi ambao haujachacha, ni "juisi tu ya mwanzi". Ni juisi, na utamu wake ni sukari. Na kitimoto kinachoambatana nacho kila mtu anajua kimekaangwa na nini.

Msibani na harusini msimwache mwenzenu peke yake. Kwetu kukataa chakula cha msiba ni tusi. Tulikubaliana: pokea sahani, anza na maharage na mboga, acha wali mwishoni, na aliyemaliza asikae karibu na sufuria.

Hatua ya 7: Kutembea

Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Aliyekaa muda mrefu aanze na dakika kumi. Mkulima anayelima tangu mvua za Novemba hahitaji kuambiwa atembee msimu huo. Mpango wake uanze Mei, shamba linapopumzika, mazao yanapoingia ndani na sherehe zinapoanza.

Msitembee kandokando ya barabara kuu. Malori ya Tunduma na ya Kyela hayana habari na afya yenu. Hapa Uyole tunaingia mitaa ya ndani au tunaomba uwanja wa shule. Juni na Julai asubuhi ni baridi na ukungu, kwa hiyo tunatoka saa kumi jioni. Mwenye magoti achague njia ya kupanda na arudi kwa njia yenye mteremko mdogo, kwani kushuka ndiko kunakoumiza goti. Mara mbili kwa wiki ongezeni kuketi na kuinuka kwenye benchi mara kumi bila kushika, na kusukuma ukuta. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, mtu asimame hapohapo, na kesho yake asitembee, aende zahanati.

Hatua ya 8: Kikao

Kila wiki kwa miezi mitatu, kisha kila wiki mbili hadi mwezi wa sita, kisha mara moja kwa mwezi bila kikomo. Kupima uzito ni nyuma ya pazia, mtu mmoja mmoja, na mpimaji haongei. Mwanzoni tulisoma uzito kwa sauti kama tunavyosoma hisa. Mbaya zaidi, tukaweka faini ya shilingi 1,000 kwa aliyeongezeka. Watatu hawakurudi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na presha kubwa kuliko wote. Faini ibaki kwa kuchelewa.

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Daftari la uzito lipate angalau moja, na ufunguo akae nao mtu asiyependa umbea. Habari za VVU, dawa na ndoa haziandikwi humo hata kwa alama. Zahanati ipelekewe namba tatu kila mwezi: walioanza, wanaoendelea kuja, na waliopungua asilimia 5.

Muda uliobaki ni mada moja na sufuria moja. Kupika kwa vitendo kunafundisha kuliko picha za sahani.

Wauza chai za kutoa kitambi na vidonge visivyo na jina watakuja, mara nyingi kupitia kwa mwanakikundi. Chai nyingi za aina hiyo ni za kuharisha: kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na kwa mwenye dawa za presha hilo ni hatari. Hawapewi nafasi ya kuongea kikaoni.

Hatua ya 9: Uzito unaporudi

Utarudi kwa wengi, kiasi. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo na husikia njaa zaidi. Mtu hajakosa msimamo. Anayeongezeka kilo mbili juu ya uzito wake wa chini atembelewe nyumbani na mwenzake, aandike upya tarehe kwenye kifuniko cha mafuta, na arudi kwenye vikao vya kila wiki kwa mwezi mmoja. Aliyefanya yote miezi sita na hakuna kilichobadilika apewe rufaa, kituo cha afya kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa, achunguzwe kwa kina.

Kati ya Desemba 20 na Januari 5, watoto na wajukuu wakiwa wamejaa nyumbani, sisi hatupimi uzito kabisa. Kikao cha kwanza cha Januari mzani unabaki kwenye boksi na kila mtu anakuja na kamba yake mfukoni.